Asha, nisaidie hesabu hii ya chuo

Ujiji, Kigoma
Julai 2025

Shoga yangu Asha,

Salaam aleikum, na pole na upepo wa huko Dodoma. Kanga ulizompa Mama Neema zimefika zote, hakupunguza hata moja, jambo ambalo kwa Mama Neema ni la kumshukuru Mungu. Sisi wazima. Mama mguu bado unamsumbua, ila mdomo hauumwi kabisa. Bilali yupo, na ana maoni juu ya kila kitu. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani. Utanisema tukionana, sasa hivi nina shida.

Shida yenyewe ni binti yangu Zaituni. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, amepata divisheni ya pili, kombi EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, na hesabu hakuanguka hata kidogo. Jioni ile tulipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Asubuhi yake vita ikaanza. Yeye anataka huko kwenu, UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akasome uchumi. Mimi nasema sawa, UDOM, lakini ualimu wa hesabu. Mama anataka abaki hapahapa asome uhasibu TIA, kile chuo cha uhasibu, arudi nyumbani kula. Bilali anasema asiende popote, chuo siku hizi ni bahati nasibu, fedha zangu za kikoba nipande michikichi.

Usicheke. Hilo la michikichi limeninyima usingizi, maana halina ujinga. Unalijua shamba la baba kule Simbo. Miti ni ile ya zamani, kokwa kubwa, nyama nyembamba kama ganda la yai, unachemsha pipa zima unapata mafuta ya kujipaka. Hii mbegu mpya ya tenera inayotoka kule Kihinga, wenzangu waliopanda wameanza kuvuna mwaka wa tatu, mikungu bado midogo, lakini mafuta yake Asha! Kikoba tulivunja mwezi uliopita nikatoka na milioni mbili na kidogo. Bilali akakaa pale uani, akanihesabia kwa vidole: miaka mitatu mti unazaa, miaka mitatu mtoto anamaliza shahada, mti hauendi kwenye usaili. Sikuwa na jibu. Nikamwambia aondoe miguu kwenye mkeka.

Lakini nami nimekaa na kalamu, na ndiyo hesabu ninayotaka uikague, wewe ndiye uliyekuwa unaninakilisha hesabu tangu darasa la tano.

Kila mtu hapa anazungumzia ada. Ada, ada, ada. Ada ya chuo cha serikali siyo inayomuua mtu. Tuseme milioni moja kwa mwaka, iwe zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na kozi. Akipata mkopo, Bodi ya Mikopo inamlipia ada yote au sehemu yake, na fedha ya kujikimu ni 10,000 kwa siku, ile iliyokuwa 8,500. Fedha hiyo, ndiyo wanayoiita bumu, inatoka kwa mikupuo ya siku 60, yaani laki sita, mara nne kwa mwaka. Hapo kuna milioni mbili na laki nne kila mwaka. Vitabu laki mbili. Weka miaka mitatu, ongeza na mafunzo kwa vitendo, unapata kama milioni 12 mtoto anadaiwa. Nilipoandika ile 12 mkono ulitetemeka. Mimi sijawahi kudaiwa zaidi ya dumu nne za mawese.

Halafu nikaendelea. Akiajiriwa wanamkata asilimia 15. Chukulia mshahara wa laki nane, makato ni 120,000 kwa mwezi. Milioni 12 inakwisha kwa miezi mia moja, miaka minane na kitu. Inauma, lakini haiui. Na deni la sasa haliumuki. Unakumbuka la Kashindi lilivyokuwa, analipa na bado linapanda, kwa ile asilimia 6 ya kila mwaka? Hiyo si ilifutwa 2021, Mama Samia alitangaza Mei Mosi kule Mwanza. Kwa hiyo anacholipa hakipishani sana na anachokopa. Mkopo wa namna hiyo mimi hapa sokoni sijauona, hata kikoba chetu kina riba.

Sasa subiri. Kashindi aliingia UDOM mwaka wa pili tangu ifunguliwe, si 2008 ile? Akamaliza, akapangiwa kituo cha kufundisha moja kwa moja, akabeba begi akaenda, kabla hata vumbi la mahafali halijatulia. Leo ana nyumba Mwandiga, ya bati jekundu, mwenyewe umeiona. Mdogo wake Sudi akafuata nyayo zilezile, chuo kilekile, Historia na Kiswahili kama kaka yake, akamaliza 2017. Mpaka leo, Asha. Mpaka leo! Alijitolea kwenye sekondari moja miaka miwili, posho yake ni wazazi wakichanga, wasipochanga anakula ugali wa mkuu wa shule. Sasa ana bodaboda, si yake, ya hesabu ya kila siku. Januari akaenda usaili wa walimu, nchi nzima nafasi zilikuwa elfu kumi na nne na ushee, waombaji zaidi ya 200,000. Alirudi amekonda. Mama akamuuliza, "Kwani walikuuliza nini?" Akasema, "Bibi, si maswali, ni foleni."

Ada ni moja, chuo ni kimoja, kozi ni moja, mama mmoja kawazaa. Mmoja ana bati jekundu, mwingine anadaiwa hesabu ya pikipiki. Basi nikarudi kwenye karatasi yangu. Mtu akisubiri ajira miaka minne tu, kwa mshahara ule ule wa laki nane, ameacha mezani milioni 38 na laki nne. Thelathini na nane! Deni la Bodi ni 12. Hapo ndipo niliposimama nikaenda kunywa maji. Tunagombana humu ndani juu ya ada, kumbe kinachokula fedha ni ile miaka ya kukaa barazani na cheti kwenye bahasha.

Ndiyo maana nang'ang'ana na hesabu. Walimu wa Historia wamejaa, walimu wa hesabu shule zinawatafuta kwa tochi. Ile ya kata yetu hapa, hesabu za kidato cha tatu zinafundishwa na mwalimu wa Jiografia, maskini, anasoma usiku anafundisha asubuhi. Zaituni akitoka na ualimu wa hesabu, hata kama foleni ipo, si foleni ya Sudi. Na akikosa serikalini atapata shule binafsi, atapata tuisheni, wazazi wa Mwanga wanalipa tuisheni kuliko wanavyolipa kodi ya nyumba. Uchumi je? Mwenye shahada ya uchumi anaajiriwa wapi? Namuuliza Zaituni, ananijibu "sehemu nyingi, mama." Sehemu nyingi. Mimi nikimwambia mteja mafuta yapo "sehemu nyingi" atanunua?

Anasema mimi namchagulia maisha. Pengine. Juzi kaniambia, "Mama, mbona wewe hukuwa mwalimu?" Nikakosa la kusema, maana alama zangu za hesabu unazijua.

Hii TIA ya mama nayo nimeipima, usidhani naipuuza. Chuo cha serikali, tawi lao liko hapahapa Kigoma, analala kwake, anakula kwangu. Akikopa ada peke yake, hata ikizidi ya UDOM, deni lake linakuwa kama milioni nne au tano badala ya 12. Na uhasibu unafanya kazi popote penye fedha. Tena sitampoteza dukani, na hapo Asha ndipo panaponiuma nisipopasema kwa mtu. Hakuna anayehesabu mkono wa mtoto. Mwaka jana walikuja wale wanunuzi wa jumla na madumu yao ya lita 20. Mimi nimejaza miaka yote bila kuuliza. Zaituni akalitazama dumu, akalipapasa tumbo, akaenda ndani akaleta chupa za maji za lita moja na nusu, akaanza kupima mbele yao. Dumu likameza lita 22 na bado halijafika shingoni. Kumbe madumu wanayapasha moto yavimbe, halafu bei ni ya 20. Tangu siku hiyo tunauza kwa kipimo chetu, amekichora kwa rangi nyekundu. Lita mbili kila dumu, kwa miaka yote ile! Sasa mtoto wa namna hiyo ukimpeleka Dodoma miaka mitatu, gharama yake utaiandika wapi? Fomu ya Bodi haina sehemu ya kuiandika.

Lakini nikimbakisha kwa ajili ya madumu, nitakuwa nimefanya nini? Baba yake angekuwepo… haya, tuache.

Na kitu kingine, Dodoma si kozi tu. Watu wanaotoka huko wanajuana. Kashindi mwenyewe anasema nusu ya anaowapigia simu akiwa na shida ni wa chumba kimoja naye kule Chimwaga. Hapa atajuana na watoto wa Ujiji ambao anawajua tangu madrasa. Bilali anasema kujuana hakuliwi. Yeye ambaye kibanda chake cha Kibirizi alikipata kwa kujuana!

Fedha ya kikoba nimeigawa hivi kichwani, bado haijatoka kwenye kanga. Chuo kina vitu vya kulipa kabla hujamwona hata mhadhiri: bima ya afya 50,400, ile ya TCU, tume ya vyuo vikuu, 20,000, kitambulisho, sijui umoja wa wanafunzi, kila kitu kina jina na namba ya malipo. Godoro, ndoo, shuka. Kompyuta anasema lazima, eti hata iliyotumika. Nauli ya kwenda, na za likizo, maana sisi wa mwisho wa reli tukikohoa tu kwenye basi ni siku nzima, nyie mnateleza na SGR mnakwenda Dar kunywa chai mnarudi. Halafu bumu halisubiri mtu getini siku ya kwanza, wale wa mwaka jana walikaa wakilishana. Kwa hiyo milioni moja na laki mbili nzima inakwenda hapo, na huo ni mwanzo tu. Inayobaki nang'oa robo ekari ya michikichi ya zamani na kupanda mipya. Bilali nitamwambia nimemsikiliza robo.

Kama mkopo utatoka. Kama hautatoka, au utatoka nusu, hapo TIA inarudi mezani na mama atashinda. Cheti cha kifo cha baba yake, cha kuambatanisha kwenye maombi ya mkopo, tumeshakithibitisha RITA, wale wa vizazi na vifo, nacho kilichukua muda kwa sababu jina la kati lilikosewa herufi moja. Herufi moja, Asha! Nimetembea mpaka ndala zikatoboka.

Sasa nijibu haya yote, usijibu nusu kama kawaida yako. Ukimwona mtoto wa Mwasi aliyemaliza ualimu wa hesabu pale UDOM, alikaa muda gani kabla ya kupata kazi, na aliipata kwa Ajira Portal, ule mtandao wa serikali wa kuombea kazi, au kwa mlango wa nyuma? Wale wa uchumi unaowaona huko mitaani wanafanya nini? Niambie kweli, usinipake mafuta. Mtu akiingia uchumi anaweza kuhamia ualimu baada ya mwaka, au ndiyo basi? Hosteli za ndani wanapewa wote wa mwaka wa kwanza au ni kubahatisha? Vyumba vya Ng'ong'ona ni shilingi ngapi sasa, na je, ni kweli wanataka kodi ya miezi sita? Maji yanatoka? Na hili naliuliza kwa aibu: anaweza kufikia kwako wiki mbili tatu za mwanzo, hadi bumu liingie? Anapika, anafua, halali sana. Mumeo atasemaje? Muulize akiwa ameshiba.

Na wewe mwenyewe, kama Farida angekuwa ndiye huyu, ungempeleka wapi?

Dirisha la mkopo liko wazi, ila hapa kwetu mtandao ukikataa unakataa siku tatu, kwa hiyo nataka amalize kuomba kabla ya wiki ijayo kwisha. Jibu lako lije kabla ya hapo, hata kwa sauti ya WhatsApp, ila usiiongelee kwenye kelele za sokoni kama ile ya mwisho.

Nimempa Mama Neema dumu la mawese akupelekee, la lita tano, limepimwa kwa kipimo chetu. Likifika na pungufu, unajua wa kumuuliza.

Wako,
Mwamini