Kulinganisha faili mbili: lini kwa maandishi, lini kwa baineri

Mteja anayeleta faili mbili na kuuliza kama zinafanana huwa na moja kati ya haja mbili. Ama anataka uhakika kwamba nakala iliyo kwenye fleshi ni ileile ya kwenye kompyuta, ama anataka kuona ni mistari ipi ya orodha ya bei iliyobadilika tangu mwezi uliopita. Haja ya kwanza ni kazi ya baineri, yaani kulinganisha baiti (vipande vidogo vinavyounda faili) moja baada ya nyingine; ya pili ni kazi ya maandishi, yaani mstari kwa mstari.

Kwenye Windows amri ni fc. Ukiandika fc /b zamani.csv mpya.csv, programu inapanga baiti za faili hizi sambamba, ya kwanza kwa ya kwanza hadi mwisho. Jibu kama 0000001F: 41 61 lina maana kwamba kwenye anwani 1F (namba za msingi wa 16, sawa na 31), yaani baiti ya 32 kwa kuwa hesabu inaanzia sifuri, faili ya kwanza ina A kubwa (41) na ya pili ina a ndogo (61). Kwenye Linux, cmp -l itaieleza tofauti hiyohiyo kama 32 101 141: inahesabu kuanzia moja, na thamani inaziandika kwa okto, yaani msingi wa nane. Usilinganishe namba za programu hizi mbili bila kukumbuka hilo.

Udhaifu wa baineri ni kwamba haijui kujipanga upya baada ya tofauti. Ongeza herufi moja tu mwanzoni mwa faili, kila kitu baada yake kinasogea, na skrini inajaa tofauti ambazo kwa kweli ni moja. Hapo tumia fc /n, inayolinganisha mstari kwa mstari na kutaja namba za mistari, au diff -u kwenye Linux.

Maandishi nayo yana mitego yake. Windows hufunga mstari kwa baiti mbili, 0D 0A. Linux kwa moja, 0A. Orodha ya mistari 1,000 ikipita kwenye mifumo yote miwili, diff itadai kila mstari umebadilika ilhali macho hayaoni kitu. Dalili yake ni rahisi: tofauti ya ukubwa ni baiti 1,000 kamili, sawa na idadi ya mistari. Dawa ni diff --strip-trailing-cr. Ikiwa tofauti ni baiti tatu tu, angalia mwanzo wa faili kama kuna EF BB BF, alama ambayo baadhi ya programu huiweka kwenye faili za UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi herufi.

Kuna na mtego wa kinyume, ambao kwetu ndio mbaya zaidi: fc ya maandishi hugeuza tabo kuwa nafasi kabla ya kulinganisha. Faili mbili zisizofanana zinaweza kupita kama zinafanana. Ongeza /t kuzuia hilo, na kama unatumia PowerShell andika fc.exe, maana fc peke yake huko ni amri nyingine kabisa.

Picha, PDF na faili za Excel zilinganishwe kwa /b kila mara. Windows huchagua baineri yenyewe kwa viambishi vichache tu kama .exe, .sys na .bin; .jpg au .xlsx itaisoma kama maandishi na kukumwagia takataka. Hata hivyo, .xlsx ni ZIP kwa ndani, na ukiihifadhi upya bila kugusa namba hata moja, tarehe ya kuhifadhi hubadilika na baiti nazo. Baineri itasema zimetofautiana, na itakuwa kweli, ila haikusaidii. Kama unachotafuta ni namba, toa karatasi zote mbili kwa CSV (maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma) kisha ulinganishe kwa maandishi.

Faili zikiwa mbalimbali, moja Mombasa na nyingine Arusha, hakuna haja ya kuzituma. Kwenye Windows, kila upande uandike certutil -hashfile faili.zip SHA256, amri inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili, kisha msomeane herufi 64 zinazotoka; zikilingana, faili ni ileile.

Ukituletea faili tulinganishe, usizifungue na kuzihifadhi upya kwanza. Picha usitume kama picha kwenye WhatsApp, kwa sababu hubanwa na baiti hubadilika. Itume kama hati, au ufungashe kwenye ZIP.