Ile Beji ya Kifuani

Malindi, Jumapili usiku

Ndugu yangu Shee,

Assalaam alaikum. Nimeupata ujumbe wako kwamba viza imetoka na ajenti ameshakupa tarehe ya safari. Hongera sana. Fundi aliyechomea vyuma bandarini Magogoni hatashindwa na kazi ya Barakah, kwenye vinu vya nyuklia vya Imarati. Mamako najua hajalala kwa furaha, na Fatma vilevile, hata akijifanya hajali.

Lakini uliniuliza kwa mzaha, "Hiyo mionzi itanifanya nini?" Mzaha tuuweke kando kidogo. Mimi si mtu wa vinu vya nyuklia, ni mtu wa eksirei tu, ila sasa sote wawili tutakuwa tunabandika kitu kimoja kifuani, na hicho nakijua.

Beji yenyewe, ile ya kupimia mionzi, utaidharau ukiiona. Ni kiplastiki chepesi, ndani mna vichembe vya fuwele, mara nyingi litiamu floraidi. Mionzi ikipita, fuwele huhifadhi sehemu ya ile nguvu. Baada ya mwezi mmoja au mitatu beji hupelekwa maabara, fuwele zikapashwa moto, zikatoa mwanga mdogo, na mwanga huo ukapimwa. Hapo ndipo inapotoka namba yako, kwa milisiverti, yaani kipimo cha dozi ya mionzi iliyokufika. Nimeona watu wakiivaa kama hirizi, wakidhani inawakinga. Haikingi kitu. Kazi yake ni kuandika yaliyokwisha kukufika, na hata hayo haiyaandiki yote: vumbi lenye mionzi ukilivuta puani, beji hailioni sawasawa. Ndiyo maana huko watakuingiza kwenye mashine ya kupima mwili mzima, na pengine watakuomba mkojo. Usione haya.

Sasa sikiliza yaliyotokea hospitali ya kwanza niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja. Beji zilikusanywa, zikapelekwa, majibu yakarudi ofisini, yakaishia kabatini. Hakuna aliyetwambia kitu. Siku moja tukaitwa. Karatasi ina majina yetu na safu ya sufuri tupu, isipokuwa mwenzetu mmoja, namba yake imepaa. Akaulizwa: ulifanya nini? Karatasi ilikuwa ya robo mwaka iliyopita kitambo, nani atakumbuka? Baadaye tukahisi kwamba huenda aproni yake ya risasi, ile ya kukinga mionzi, ilikuwa ikitundikwa ndani ya chumba cha mashine na beji imebanwa papo hapo. Labda mwili wake haukupata chochote. Labda ulipata. Hakukuwa na wa kumwambia, kwa sababu habari ilikaa mpaka ikachacha.

Kwa hivyo, Shee, nakuomba jambo moja: namba ile ni yako, idai. Idai kwa maandishi, kila mwaka, na siku ya kuondoka. Usikubali kuambiwa "uko sawa". Sawa ni ngapi?

Ili uweze kuisoma, shika haya. Mtu yeyote duniani hupata kwa wastani kama milisiverti 2.4 hadi 3 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kule Mrima, Kwale, ardhi yenyewe ina thoriamu, madini yenye mionzi, na watu wanapata zaidi. Kwa mfanyakazi, kiwango cha kimataifa ni milisiverti 20 kwa mwaka, zikipigwa wastani wa miaka 5, na isizidi 50 katika mwaka wowote. Marekani bado wanaruhusu 50 kila mwaka, lakini sheria yao inamlazimu mwajiri kumwandikia mfanyakazi anayepimwa dozi yake ya mwaka ikizidi milisiverti 1, na hata ikiwa chini ya hapo, akiiomba apewe. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki nazo zinasema mfanyakazi aweze kuiona rekodi yake, na rekodi hiyo itunzwe mpaka afikishe umri wa miaka 75, tena isipungue miaka 30 tangu aache kazi hiyo. Mkandarasi wako mdogo atakuwa bado yuko baada ya miaka 30? Mimi nisingemtegemea.

Wewe unakwenda wakati kinu kimezimwa ili kubadilishwa fueli. Wakati huo ndio watu wa kandarasi huitwa kwa wingi, na ndio sehemu kubwa ya dozi ya mwaka hupatikana, maana mabomba yanafunguliwa na mafundi wanaingia kusikoingiliwa kinu kikiwa kinafanya kazi. Na hapo pana mtego ambao hakuna ajenti atakayekwambia. Dozi yako ikifika kikomo walichokuwekea, unatolewa kwenye kazi ile. Mwenye deni la tikiti na ada ya ajenti atafanya nini? Atataka beji isome kidogo. Fukushima huko Japani, baada ya ajali ya kinu ya 2011, iligundulika kwamba mkandarasi mmoja mdogo aliwaambia watu wake wafunike vipimo vyao kwa bamba la risasi ili waendelee kufanya kazi. Habari hiyo ilitoka 2012. Wale walikuwa watu kama mimi na wewe, wenye watoto wa kulisha. Ukiambiwa uiache beji kwenye kabati la nguo "leo tu", jua nani anafaidika na nani anabeba mzigo.

Jingine linakuhusu wewe hasa kwa kuwa ni fundi wa kuchomea. Viungo ulivyochomea vinapigwa picha kuangaliwa nyufa, na mara nyingi hutumika iridiamu-192, kitu kidogo sana cha chuma chenye mionzi mikali. Mwaka 1999, Yanango huko Peru, kwenye mtambo wa umeme wa maji, fundi mwenzio wa kuchomea alikiokota bila kujua ni nini, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Alikaa nacho saa kadhaa, akaenda nacho mpaka nyumbani. Mkewe naye aliungua. Yeye alikatwa mguu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kitu kile kinafananaje. Ukiona kipande cha chuma kinachong'aa usichokijua, usikiguse. Ondoka, ita watu wa usalama wa mionzi.

Sikutishi. Utafiti mkubwa wa wafanyakazi wa nyuklia zaidi ya 309,000 wa Ufaransa, Uingereza na Marekani, uliotolewa 2023, ulionyesha kwamba vifo vya saratani huongezeka kadiri dozi inavyolimbikizana, hata dozi ndogo ndogo. Lakini wengi wao walilimbikiza kidogo, na nyongeza ya hatari kwa mtu mmoja ni ndogo. Ninachokipenda mimi ni kwamba haya yamejulikana kwa sababu kuna waliotunza karatasi za beji tangu miaka ya 1940. Saratani haiji mwaka huu. Ikija, utakuwa na mvi, na daktari atakuuliza ulipata kiasi gani. Bila karatasi huna la kumjibu.

Mambo ya kinu cha nyuklia kilichopangwa kujengwa Uyombo hapa Kilifi uliyafuata, hata kabla macho hayajaelekezwa Siaya. Kama vile nyinyi wa Lamu na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe mpaka leseni ikafutwa 2019, watu walisema ya samaki, ya mikoko, ya mashamba, na walisema kweli. Lakini katika mabaraza niliyokaa mimi sikusikia mtu akimuuliza mtaalamu: vijana wetu mtakaowaajiri, karatasi zao za dozi watapewa na nani?

Kabla hujasaini, nitumie picha ya kila ukurasa wa mkataba, hasa pale panaposema nani atakupima na nani atatunza rekodi. Kama hapapo, muulize ajenti sasa, ungali hapa na yeye bado anakuhitaji. Ukishapewa karatasi ya kwanza, nakala moja mtumie Fatma, nyingine nitumie mimi. Na kama uliwahi kufanya kazi kwenye mradi mwingine uliopimwa mionzi, watajie. Dozi ya zamani hujumlishwa na mpya.

Nisalimie Mkomani wote. Yule mjomba wako bado ana jahazi langu la mfano, mwambie silidai, nimempa.

Wako,
Said