Fundi akishamaliza kazi, hakikisha ametoka kweli kwenye kompyuta yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee hizi programu za kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali, maana watu wanazitumia kila siku na wengi hawajui wameruhusu nini, hata mimi nilikuwa sijui mpaka yalipotukuta nyumbani.

Mama yangu ana laptopu anayoandikia hesabu zake na kutuma barua pepe. Siku moja printa ikagoma, akampigia fundi, fundi akamwambia pakua programu fulani, nisomee hizo namba unazoziona kwenye skrini, halafu ukiona pametokea neno Kubali bonyeza. Mama akafanya hivyo, dakika ishirini tu printa ikaanza kutoa karatasi, akashukuru, wakaagana.

Wiki tatu baadaye nimekaa naye, laptopu iko wazi mezani hakuna anayeigusa, mara naona mshale wa mausi unatembea wenyewe. Hauruki ruki kama mausi mbovu, unakwenda taratibu mpaka kwenye folda ya nyaraka, unafungua faili moja, unalifunga, unakwenda jingine. Namuuliza mama hii nini, ananijibu kwa utulivu kabisa, "Huwa inafanya hivyo mwanangu, nilijua imezeeka." Nikanyanyuka nikazima ruta, mshale ukasimama palepale.

Nikaanza kuchimba kwenye setingi za ile programu, na nilichokikuta ndo kimenifanya nikuandikie. Kulikuwa na pasiwedi ya kudumu imewekwa, na programu yenyewe imewekwa ijiwashe kila kompyuta inapowaka, yaani hakuna tena haja ya mama kusoma namba wala kubonyeza Kubali. Kwenye orodha ya walioingia kulikuwa na mara nne baada ya ile siku ya printa. Fundi nilipompigia akasema aliiweka ili kurahisisha kazi siku ikiharibika tena. Sitamtaja jina na huenda anasema kweli, lakini alishindwa nini kumwambia mwenye kompyuta?

Watu waelewe hii kitu inavyofanya kazi. Kompyuta yako inatuma picha ya skrini kwa yule mtu, na yeye anakurudishia kila anachobonyeza na kila anapousogeza mshale, kwa hiyo kompyuta inaona kama ni wewe umekaa mbele yake. Kama barua pepe yako huwa iko wazi muda wote basi na yeye ameshaingia, kama pasiwedi zako umezihifadhi kwenye brauza anazitumia bila hata kuzijua, na antivairasi mara nyingi haitasema kitu kwa sababu hiyo si virusi, ni programu halali ambayo umeiweka kwa mkono wako. Nyingine zina uwezo wa kuifanya skrini yako iwe nyeusi wakati mtu anaendelea na kazi upande wa pili, kwa hiyo ukiona giza la ghafla mtu akiwa ndani usisubiri akueleze, kata intaneti kwanza.

Sisemi hizi programu ni mbaya, mimi mwenyewe nazitumia kumsaidia dada yangu na zimetuokoa mara nyingi. Na wala si mambo ya jana, programu iitwayo VNC ilitengenezwa Cambridge kule Uingereza miaka ya 1990, Microsoft wakaleta ya kwao mwaka 1998 kwenye Windows NT, TeamViewer ya Wajerumani ikaja 2005. Kinachotupiga ni kutojua kwamba kuna kumruhusu mtu kwa siku hiyo tu na kuna kumruhusu aingie muda wowote bila kukuuliza tena. Chukua mfano wa programu ya Google iitwayo Chrome Remote Desktop. Ukitaka msaada wa leo tu inakupa namba ya kuingilia ya tarakimu 12 inayokufa baada ya dakika 5, lakini ukitaka kuifikia kompyuta yako muda wowote unaweka PIN ya tarakimu zisizopungua 6 na hiyo inabaki mpaka uiondoe. Kwa printa iliyogoma ile ya kwanza inatosha kabisa! Kwenye Windows kuna Quick Assist pia, anayesaidia anakupa namba ya kuingilia, unakubali, mkimaliza mkifunga imeisha.

Mafundi watasema Remote Desktop, ile ya Microsoft iliyomo ndani ya Windows yenyewe, haikubali kuiendesha kompyuta yenye toleo la Home, inataka Pro kwenda juu, ndo maana wanatumia programu za kampuni nyingine. Sawa, hilo kweli, ila hakuna anayewakataza kuzitoa wakimaliza.

Na wenye ofisi wasijione wako salama. Kuna wanaofungua poti 3389, yaani mlango wa mtandao ambao Remote Desktop inapitia, kwenye ruta ili wafanyakazi waingie kutoka nyumbani, wakati poti hiyo inajulikana na kila mdukuzi, kuna mashine kazi yao ni kuzunguka intaneti nzima kuitafuta na kujaribu pasiwedi usiku na mchana. Mwaka 2019 lilipogunduliwa tundu la usalama lililoitwa BlueKeep, la kupitishia wadukuzi, kwenye Remote Desktop za Windows za zamani, Microsoft walitoa marekebisho mpaka ya Windows XP, ambayo walishaacha kuihudumia tangu 2014, ujue hapo waliogopa kiasi gani. Wapitishe watu kwenye VPN kwanza, yaani njia ya siri ya kuingilia mtandao wa ofisi, waweke uthibitisho wa hatua mbili, yaani pasiwedi pekee isitoshe kuingia, na apdeti zisingoje mwezi ujao.

Ombi langu Mhariri, kwenye kurasa zenu za teknolojia waelekezeni watu, kwa picha kama inawezekana, wapi pa kuangalia kama kuna pasiwedi ya kudumu, namna ya kuona nani aliingia na lini, na namna ya kuing'oa programu yenyewe, maana kufunga lile dirisha tu hakutoshi. Na mkumbushe kwamba anayekupigia mwenyewe bila kumwita, akajifanya ni wa benki au wa kampuni ya kompyuta, akikwambia pakua programu, huyo ni wa kumkatia simu.

Sisi tuliitoa, tukabadilisha pasiwedi zote kutokea kwenye kompyuta nyingine. Mama siku hizi fundi akiingia anakaa hapo hapo mbele ya skrini mpaka mwisho. Ila ana swali moja kwa yule wa printa na kila akimuuliza hajibiwi: zile mara nne alikuwa anatafuta nini?

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote.