Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Orodha ya Vitabu Vipya, Kanuni ya 4 na Suala la Ada

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha vitabu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu. Naitoa kwa maandishi kwa sababu mkutano wa kwanza niliouitisha haukutimiza akidi, na wa pili ulihudhuriwa na watu 23 kati ya wanachama 112, wanne kati yao wakaondoka kabla hatujafika kipengele cha tatu cha ajenda. Nitalirudia hilo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana mara 6 kujadili vitabu: viwili vya historia, kimoja cha anthropolojia, kimoja cha falsafa ya sheria, kimoja cha isimu na kimoja cha uchumi wa kisiasa. Jarida letu lilitoka mara 2 badala ya 4. Maktaba ya kuazimana ilipokea vitabu 31 na kupoteza 5. Hesabu atazisoma mhazini. Namshukuru katibu, namshukuru mhariri wa jarida, na kwa kuwa hakuna aliyelitaja, nitalitaja mwenyewe: mijadala minne kati ya hiyo 6 niliiongoza mimi, baada ya waliopangiwa kutuma udhuru saa chache kabla ya kikao.

Sasa nije kwenye jambo lililosemwa sana kwenye kundi la WhatsApp na kidogo sana mbele yangu: kwamba niliamua peke yangu kitabu kipya ni kipi, nikazitupa tafsiri nje ya Orodha ya Mwaka tunayowapelekea wakutubi.

Orodha ya Mwaka na maana ya neno "kipya"

Kanuni ya 4 inasema Orodha ya Mwaka itakuwa ya vitabu vipya vya kitaaluma katika insia (historia, falsafa, lugha na kadhalika) na sayansi za jamii. Waasisi wetu hawakueleza kitabu kipya ni kipi. Miaka yote tumekwenda kwa mazoea, kila mtu akileta kilicho kipya machoni pake. Mwaka huu mapendekezo yalifika 87. Niliyapitia yote, ukurasa wa hakimiliki mmoja baada ya mwingine, usiku, kwa miwani hii hii mnayoifahamu.

Nilichokikuta ni hiki. Mapendekezo 14 yalikuwa ya vitabu ambavyo tayari vilikuwemo humo humo. Mtu ameleta jalada gumu, mwingine jalada laini, wa tatu kitabu cha kielektroniki, na kila kimoja kina namba yake ya ISBN, maana ndivyo utaratibu huo unavyofanya kazi tangu ulipowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1970: namba hutambulisha toleo na umbo lake, haitambulishi kazi ya mwandishi. Katibu alizihesabu namba, mimi nikahesabu vitabu. Mengine 6 yalikuwa ya vitabu vya zamani kabisa ambavyo siku hizi mchapishaji huchapa nakala moja moja kila anapopatikana mnunuzi. Ukurasa wa mwisho unaonyesha kimechapwa mwezi uliopita, maneno ya ndani yana umri wa kuoa. Hapo sikusikia malalamiko.

Malalamiko yalianza kwenye mapendekezo 19 ya tafsiri.

Uamuzi wangu ulikuwa kwamba kitabu ni kipya iwapo kilitoka kwa mara ya kwanza, kwa lugha yoyote ile, ndani ya miaka 3, na mwaka unaohesabika ni ule uliochapwa kwenye ukurasa wa hakimiliki. Nilichagua mwaka uliochapwa kwa sababu wachapishaji wana tabia ya kutoa kitabu mwezi wa 10 au wa 11 kikiwa na tarehe ya mwaka unaofuata, kisije kikaonekana kimezeeka kabla ya kuuzwa. Nilichagua miaka 3 kwa sababu mapitio katika majarida ya kitaaluma huchelewa mwaka mzima, pengine miwili au zaidi, na jalada laini mara nyingi hungoja mwaka au mwaka na nusu baada ya lile gumu. Ukisema mwaka 1, unaorodhesha vitabu ambavyo hakuna mtaalamu aliyekwisha kuvipima hadharani. Kwa kipimo hiki tafsiri 19 zilianguka, na orodha ikabaki na vitabu 48.

Nimeitwa mambo mengi. Nimeambiwa nachukia tafsiri, mimi niliyejifunza lugha ya tatu ukubwani kwa ajili ya kusoma wanahistoria. Mwanachama mmoja wa siku nyingi, aliyependekeza 12 kati ya hizo 19, aliandika ujumbe mrefu akinitajia mwanasosholojia Norbert Elias: kitabu chake juu ya mwenendo wa ustaarabu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1939, na juzuu ya kwanza kwa Kiingereza ikaja 1978. Je, mwaka 1978 kingekataliwa hapa kwa sababu ya uzee? Akaongeza mwanafalsafa Jürgen Habermas na utafiti wake juu ya uga wa umma, yaani pale watu wanapojadili mambo yao hadharani: Kijerumani 1962, Kiingereza 1989. Miaka 27!

Ndugu zangu, mifano hiyo ni mizuri, ila hebu itazameni vizuri. Elias alianza kusomwa sana pale kitabu chake kilipochapwa upya mwaka 1969, tena kwa Kijerumani kile kile. Tafsiri ilifuata njia iliyokwisha kufyekwa. Mchumi Thomas Piketty naye alitoa kitabu chake cha mtaji kwa Kifaransa mwaka 2013, na Kiingereza kikatoka 2014. Kwa kipimo changu angepita mara zote mbili bila kuulizwa. Kwa hiyo kanuni haiwagusi wafasiri. Inagusa ucheleweshaji.

Naona haya kuficha kwamba kuna mfano mmoja ulionisumbua, na hakuna aliyenitajia, nimeutafuta mwenyewe. Mwanahistoria Fernand Braudel alichapisha kitabu chake kuhusu Mediterania mwaka 1949, akakifanyia marekebisho makubwa katika toleo la pili la mwaka 1966, na tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1972 na 1973 ilitokana na toleo hilo la pili. Hicho ni cha 1949 au cha 1966? Mwandishi aliyebadili mawazo ndani ya kitabu chake amekiandika upya au amekipaka rangi? Sina aibu kusema kwamba kwa vitabu vya namna hiyo kanuni inahitaji mkono mwepesi, na mkono wangu ungekuwa mwepesi kama ningeulizwa kwa adabu.

Ipo pia hoja ya kwamba wanaoandika kwa lugha zisizo na soko kubwa ndio wanaongoja wafasiri miaka mingi zaidi, kwa hiyo kipimo changu kinamwadhibu aliyekwisha kuadhibiwa. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana niliandaa Orodha ya Pembeni kwa ajili ya tafsiri, nikaitangaza mwezi ule ule, nikaomba mapendekezo. Hadi leo imepata pendekezo 1, nalo ni langu.

Kuhusu "kuamua peke yangu"

Hili ndilo lililoniumiza. Kamati tendaji ina wajumbe 9 na akidi yake ni 5. Niliitisha kikao cha kujadili Kanuni ya 4 wiki mbili kabla, nikakumbusha siku tatu kabla, nikakumbusha tena asubuhi yake. Wahenga walisema penye wengi haliharibiki neno. Siku hiyo tulikuwa watatu: mimi, katibu, na mjumbe mmoja kwa njia ya simu ambaye sauti yake ilikatika kila alipotaka kusema jambo la maana. Orodha ilitakiwa kuwafikia wakutubi mwisho wa mwezi, kabla hawajafunga maombi yao ya ununuzi. Kanuni ya 11 inampa mwenyekiti mamlaka ya kuamua jambo la dharura na kulileta mbele ya mkutano baadaye. Nikaamua. Nikalileta. Mkutano haukuwepo wa kulipokea.

Wapo waliouliza orodha ya vitabu ina dharura gani. Swali hilo ningelijibu vizuri zaidi kikaoni.

Mahudhurio na ada

Waliolipa ada ni 41 kati ya 112. Waliobaki ni 71, na katika hao 71 wamo watatu waliochangia kwa urefu mkubwa mjadala wa Kanuni ya 4. Sitaji majina; risiti zinajieleza.

Sababu ninayopewa mara kwa mara ni kwamba chama cha vitabu hakina haja ya ada siku hizi, vitabu vya kitaaluma vinapatikana bure mtandaoni. Nami nimekuwa mpiga debe wa ufikiaji huria, yaani kazi za kitaaluma kusomwa bure mtandaoni, tangu tamko la Budapest la mwaka 2002, wakati baadhi yenu mkiniambia ni ndoto. Ndoto imekuja na miguu. DOAB, ile saraka ya vitabu huria, ilianza 2012. UCL Press, shirika la uchapishaji la chuo kikuu cha University College London, ilizinduliwa upya mwaka 2015 ikitoa vitabu vyake huria tangu siku ya kwanza. Huko Uingereza, UKRI, taasisi ya umma inayofadhili utafiti, imeweka sharti kwamba vitabu vinavyotokana na utafiti inaoufadhili, vikichapishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024, viwe wazi kwa wote ndani ya miezi 12. Haya yote ni kweli, na katika vitabu vyetu 48 vipo kadhaa ambavyo unaweza kuvifungua sasa hivi bila kumwomba mtu.

Lakini bure kwa msomaji si bure kwa mtengenezaji. Mwaka 2016 Ithaka S+R, shirika la utafiti la Marekani, walichapisha uchunguzi wa gharama za vitabu 382 kutoka mashirika 20 ya uchapishaji ya vyuo vikuu vya Marekani. Cha gharama ndogo kabisa kiligharimu dola 15,140, cha gharama kubwa kabisa dola 129,909. Fedha hizo hazikwenda kwenye karatasi na wino pekee. Sehemu kubwa ni mishahara: ya mhariri anayempata mwandishi na kumvumilia, ya anayesimamia tathmini ya wataalamu, ya anayesahihisha tanbihi 900. Na wanunuzi wamepungua. Miaka ya 1970 kitabu cha kitaaluma kiliweza kutegemea maktaba pekee kununua nakala zaidi ya 1,000. Sasa mchapishaji akiuza mia chache anashukuru. Ukikivua kitabu jalada gumu ukakivika faili la kielektroniki, mhariri bado anakula.

Kwa kiwango kidogo ndivyo ilivyo kwetu. Ada haikununulii kitabu ulichokipata bure. Inalipia kuazimana, jarida, na chumba chenye viti 112 ambavyo 89 havikukaliwa.

Mwaka ujao

Tunatarajia kuimarisha tovuti. Tunatarajia kuvuta vijana, hasa wanaoandika tasnifu, kwa kuwa hao ndio wanaosoma tanbihi. Ipo azma ya kufanya mjadala mmoja pamoja na wafasiri, hali ikiruhusu. Jarida litajitahidi kurudi mara 4. Kanuni ya 4 itawekwa kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao ikiwa na maandishi ya kipimo changu, na yeyote mwenye maneno bora ayalete yakiwa yameandikwa, akiwa amelipa, na akiwepo.

Mwisho, vile vitabu 5 vya maktaba virudishwe. Viwili najua viliko.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti