Waokoaji wa wazimamoto wa kujitolea wapimwe kwa kiwango kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuhusu wasemaji wa Kiswahili tuliohamia miji midogo ya Pennsylvania, ingawa wengi wetu hatulifikirii mpaka moshi utoke kwenye paa la jirani. Katika miji hii anayekuja kuuzima moto si askari aliyeajiriwa. Ni fundi wa magari, mwalimu au mkulima anayeacha shughuli zake peja inapolia, wala halipwi kitu. Mimi ni mmoja wao, huu ukiwa mwaka wangu wa sita. Kwa hesabu za 2020 za NFPA, chama cha Marekani kinachoandika viwango vya kazi ya zimamoto, nchi hii ilikuwa na wazimamoto 1,041,200, na 676,900 kati yao walikuwa wa kujitolea.

Hoja yangu inahusu kundi dogo ndani ya kazi hiyo: timu inayosimama nje ya nyumba inayoungua, mitungi ya hewa mgongoni, ikingoja jambo moja tu, nalo ni kumtoa mzimamoto mwenzao akinaswa ndani. Ninaamini kwamba timu yoyote, iwe ya kujitolea au ya kulipwa, isiitwe kwa kazi hiyo kabla watu wake hawajapimwa kwa vitendo, kila mwaka, kwa kiwango kilekile, tena wakiwa pamoja na majirani watakaoingia nao.

Tarehe 14 Machi 2001, katika jiji la Phoenix, mzimamoto Bret Tarver alipotea ndani ya duka kubwa la vyakula lililokuwa likiungua, hewa ikamwishia, akafariki licha ya wenzake kuhangaika kumtoa. Kikosi chake kilikuwa cha kulipwa, kikubwa na chenye kuheshimika. Baada ya msiba huo kikosi hicho kilifanya majaribio mengi ya uokoaji katika majengo ya biashara, kikakuta kwamba kumtoa mtu mmoja kulihitaji waokoaji 12 na wastani wa dakika 21, na kwamba mwokoaji 1 kati ya 5 naye aliingia matatani. Mtungi waliotumia ulimpa mtu hewa ya dakika 18 na ushei. Msomaji alinganishe mwenyewe namba hizo mbili za dakika.

Sasa tutazame kwetu vijijini. Kiwango cha NFPA 1720, kilichoandikwa kwa ajili ya vikosi vya kujitolea, kinataka katika maeneo ya mashambani watu 6 wafike ndani ya dakika 14. Sita hao ndio wa kuvuta mipira ya maji, kuendesha pampu, kutafuta wakazi na kuongoza kazi nzima. Kwa hiyo waokoaji 12 hawawezi kutoka kikosi kimoja. Watatoka vikosi vitatu au vinne, na watu wake pengine wanaonana uso kwa uso mara ya kwanza usiku huo, kwenye barabara iliyojaa moshi.

Niliyaona matokeo yake katika mazoezi ya Jumamosi moja, ndani ya nyumba kuukuu ya shambani tuliyopewa na mwenyewe. Mwenzetu wa kikosi jirani alilala nyuma ya kitanda ghorofani bila kujongea, na baada ya nusu dakika king'ora kilichomo kwenye mkanda wake, ambacho hulia mtu asipojongea, kikaanza kulia. Barakoa zetu zilikuwa zimefunikwa kwa karatasi ya nta ili tusione. Nilitambaa nikiuburuta mfuko wenye mtungi wa akiba, nikamfikia, nikaanza kupapasa mgongoni mwake nikitafuta pa kuunganishia hewa. Vifaa vyake vilikuwa vya kampuni tofauti na vyetu. Kiungio kipo, kwa kuwa viwango vinakidai tangu 2002, na mahali pake ni karibu na koki ya mtungi, lakini mkono wangu ndani ya glavu nene haukupajua. Nilipapasa kwa dakika nne. Ungekuwa moto wa kweli, mtu yule angekuwa amekufa mikononi mwangu, nami nilikuwa na cheti cha mafunzo hayo, nilichokipata kwa kukaa darasani.

Ndiyo maana nasisitiza vitendo. Mwaka 1992, huko Denver, Mark Langvardt alinaswa katika upenyo wa sentimita 71 hivi chini ya dirisha jembamba, na waokoaji walioingia kwa dirisha hilo hawakupata hata nafasi ya kuinama ili wamnyanyue. Leo zoezi la kumpitisha mtu kwenye upenyo wa vipimo hivyohivyo lina jina la jiji hilo, na halifundishiki kwa maneno. Hata hivyo, vitendo visivyo na kiwango navyo huua. Tarehe 25 Septemba 2001, huko Lairdsville, New York, kijana wa miaka 19 aliyekuwa na majuma machache tu kikosini alilazwa ndani ya nyumba awe majeruhi wa mazoezi, moto halisi ukawashwa, akafa.

Nakubali kwamba tunapungukiwa na watu. Ripoti ya tume ya jimbo hili ya 2018 ilisema wazimamoto wa kujitolea walishuka kutoka takriban 300,000 katika miaka ya 1970 hadi takriban 38,000. Viongozi wetu wanahofia kwamba saa zaidi za mafunzo zitawafukuza waliobaki. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu nami nina zamu za usiku kiwandani na watoto wawili. Lakini tatizo ni nani anazibeba saa hizo. Mwalimu wa mafunzo aje jioni na mwisho wa juma, mji umfidie mtu mshahara wa siku anayoipoteza, na kaunti inunue sanamu zenye umbo la mtu na vifaa vingine vya mazoezi vitumiwe na vikosi vyote kwa zamu. Kiwango cha NFPA 1407 kuhusu mafunzo ya timu hizi kipo tangu toleo la 2010. Kwa kuwa si sheria, na jimbo letu halikilazimishi, ni juu ya kila mji kukipokea kwa uamuzi wa bodi inayouongoza.

Mikutano ya bodi hizo iko wazi kwa wakazi. Nawaomba ndugu zangu wanaosoma barua hii waende, wasimame kwa Kiingereza chochote walicho nacho, waulize: timu gani huitwa wazimamoto wetu wanaponaswa, na mara ya mwisho ilifanya mazoezi pamoja na kikosi chetu lini?

Wako katika ujenzi wa jamii,
Mzimamoto wa kujitolea,
Kaunti ya Lancaster, Pennsylvania