Marumaru nililipa mimi, jina langu halipo

Shangazi, salamu.

Ni saa kumi alfajiri na sijapata hata lepe la usingizi. Nimeitazama ile picha ya kaburi la mume wangu kwenye simu mpaka macho yanawasha. Nazima, nawasha tena, nikidhani labda sikusoma vizuri. Nimesoma vizuri. Kwenye jiwe wakwe zangu wameandika mwana wa fulani, ndugu wa fulani na fulani, baba wa mmoja. Mume wa nani? Kimya. Na marumaru hiyo nililipa mimi, elfu 38, nilituma kwa simu mara mbili na ujumbe ninao mpaka sasa.

Utasema ni jiwe tu. Dada yangu ndivyo alivyosema, akaendelea kukaanga maandazi yake.

Mume wangu alikuwa askari El Adde, ile kambi ya jeshi letu la Kenya kule Somalia iliyovamiwa na Al-Shabaab. Nadhani mengine sina haja ya kueleza. Ijumaa ile, 15 Januari 2016, nilisikia redioni ndani ya matatu nikienda kazini. Nikapiga simu yake, haikuingia. Nilipiga wiki nzima. Miili ilipoanza kuletwa uwanja wa ndege wa Wilson sikujua kama naye yumo, na baadaye tukaitwa kwa vipimo vya DNA. Wakamchukua mama mkwe na mtoto wangu, wakati huo ana miaka saba. Mimi nilikaa kwenye benchi nikishika mikoba yao. Najua mke hana damu ya mumewe, si mjinga, lakini hilo benchi silisahau.

Ile ibada ya Eldoret, walipokuja marais watatu, wetu, wa Somalia na wa Nigeria, niliketishwa mbele pamoja na mama mkwe. Tulishikana mikono. Siku hiyo nilikuwa mke, hakuna aliyeuliza.

Kisha tukazika nyumbani kwao, upande wa Bungoma. Sanduku tulishauriwa tusilifungue, hatukulifungua. Tulipomaliza, baba mkwe (Mungu amrehemu, yeye hangeruhusu haya) alipima hatua mbili kushoto kwa kaburi, akapigilia kigingi, akasema mbele ya watu wote, "Hapa ni pa mama mtoto."

Sasa kwenye picha simiti imemwagwa mpaka pale. Kigingi hakionekani.

Wanasema nimekula pesa ya damu. Shangazi, malipo yale ya kifo chake ndiyo yaliyomsomesha mtoto mpaka Kidato cha Nne, na mama mkwe akiugua ni mimi ninayetuma ya hospitali. Kila 14 Oktoba, siku ya majeshi, ni mimi ninayevaa nguo nyeusi, wao hata tarehe hawaijui. Laini yake ya simu bado naitilia salio la shilingi 20 isije ikafungwa na kupewa mtu mwingine. Huyo si mke? Nimewakosea wapi mpaka marumaru ambayo nimelipa mimi ikose neno moja?

Jana baada ya kuona picha nilishuka mjini, nikapita pale Kenyatta Avenue, Nairobi, penye sanamu ya wale wanaume watatu, ukumbusho wa Waafrika waliohudumu katika jeshi la mkoloni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Imekaa pale tangu 1928 na mimi huipita kila siku bila kugeuka. Jana nikasoma. Inasema ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Watoto. Nilicheka peke yangu, mwenye kuuza njugu akanitazama. Hata mkoloni hakumtaja mke.

Labda nikueleze jambo jingine, maana najua utauliza. Kuna mtu. Si mume, na halali usiku kwangu. Ni seremala wa Githurai, naye alifiwa. Amekuwa akija Jumapili baada ya kanisa, anarekebisha hiki na kile, anakunywa chai, anaenda. Mwezi wa nane shemeji alituona sokoni tukichagua nyanya. Nyanya, shangazi! Tangu siku hiyo mama mkwe hapokei simu zangu, lakini pesa ya marumaru alipokea.

Mimi sikumwacha mume wangu. Nimengoja miaka kumi, na mtu niliyemngoja sikumwona hata uso wake kwa mara ya mwisho.

Huyu wa Githurai anataka jibu kabla ya Pasaka. Nikikubali, nitazikwa wapi? Hilo nimelifikiria usiku kucha. Pale kwa kigingi sitakuwa na haki tena, hata mimi naona hivyo, na pengine sipataki. Lakini sitaki waniondoe wao. Nikiondoka niondoke mwenyewe. Au nakosea? Wakati mwingine naona waandike jina langu tu, kisha wanione nikiolewa.

Ibada ya miaka kumi ni Jumamosi. Mtoto anaenda, atasoma somo la kwanza. Nimempigia fundi, anasema mstari mmoja chini unaweza kuongezwa kwa elfu tatu, na nafasi ipo. Nimtume bila kumwambia mama mkwe? Na nikimtuma, huyu seremala nimwambie nini?

Basi linatoka Ijumaa saa mbili usiku. Tiketi ya mtoto nimekata, yangu bado.

Mama wa mtoto mmoja,
Kahawa West