Mwanangu, lala kwanza

Mwanangu, assalaam aleikum. Sisi huku wazima, bibi mzima, mdogo wako mzima ila kikohozi. Kaka yako kanieleza habari zako, na usimkasirikie manake nilimbana mwenyewe mpaka akasema. Anasema umepata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya famakolojia, lile somo la dawa, anasema usiku unalia kwamba kichwa hakishiki, unasoma ukurasa ukifika chini hujui juu kulisemwa nini, na saivi umeanza kusema labda umerithi usahaulifu wa bibi. Hilo la bibi ndo limenikosesha raha kabisa. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia unasema mama niko lab nitakupigia, halafu hupigi.

Kabla ya yote nijibu hili, unalala saa ngapi? Usiniambie nalala vizuri mama. Nataka saa, umezima taa saa ngapi na umeamka saa ngapi.

Bibi yako kavuka themanini. Anasahau kwamba amekula na sahani bado iko mbele yake, anauliza babu yako karudi sokoni, tunamjibu, anauliza tena. Wewe unasahau jina la dawa kwenye mtihani, ila ukionyeshwa jibu unasema aa hili nilikuwa nalijua. Hivo ni vitu viwili tofauti kabisa mwanangu, nimeuguza wazee wodini miaka mingi na kwenye hili siwezi kukudanganya eti nikufurahishe. Ugonjwa kama wa bibi kwa kawaida huanza mtu akishafika sitini na tano huko na kuendelea, kwa binti wa umri wako ni nadra mno. Usijipake ugonjwa ambao sio wako. Kichwa chako kizima, hakipati muda wa kufanya kazi yake, na muda wake ni usiku ukiwa umelala.

Sasa hayo makopo ya enaji. Nimeambiwa yako chini ya kitanda yamepangwa. Wewe ndo unasoma famasi, unajua kuliko mimi dawa inachukua muda gani kupungua nusu mwilini, kafeini ya humo kwa mtu mzima ni kama masaa matano, kwahiyo ukinywa kopo saa nne usiku, ikifika saa tisa nusu yake bado inazunguka kwenye damu, na wewe ndo kwanza unalala usubiri kengele ya saa kumi na mbili. Halafu nasikia usingizi ukikataa unameza piriton, mara unasema ni ya mafua ya vumbi la Dodoma. Mafua sawa, vumbi la huko nalijua. Lakini piriton inalevya mpaka asubuhi, na tena inazuia asetilikolini, na asetilikolini ndo kemikali ubongo unaitumia kujifunza na kushika mambo. Hilo liko kwenye somo lenyewe ulilopata sapu! Mafua yakizidi nenda zahanati ya chuo uombe ile isiyolewesha, wenyewe mnazijua majina.

Najua utasema mama bila kukesha siwezi kumaliza silabasi. Ukikesha ni kama mtu aliyevuna mahindi akayaacha yamelala shambani mvua inanyesha. Tulifundishwa na nimesoma tena juzi, unapolala ubongo unarudia yale ya mchana, unayatoa kwenye hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayoshika mambo mapya, unayapeleka sehemu ya kukaa muda mrefu, na kazi hiyo haifanyiki vizuri ukiwa macho. Kwahiyo yale masaa manne ya usiku unayodhani umeyaokoa umeyachoma, na ya mchana yaliyotangulia nayo umeyapunguza. Mtu mzima anahitaji masaa saba angalau. Saba mwanangu, sio manne ukajazia na kusinzia kwenye lekcha.

Na ile tabia ya kukesha tuliisifia sisi hapahapa nyumbani, kidato cha nne, baba yako anakuchemshia kahawa na mie nawahadithia majirani. Basi hiyo iishe, usiibebe kama ndo dawa ya kufaulu.

Kingine ni namna unavosoma. Kaka yako anasema unapaka rangi ya njano kitabu kizima, ukimaliza unaanza upya kupitia palepale. Macho yanazoea ukurasa, unajiona unajua. Alinitafutia utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2006, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kipande cha kusoma, kundi moja likarudia kusoma, lingine likafunga karatasi likaandika linalokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, lakini baada ya siku mbili na baada ya wiki wale waliojiuliza wenyewe ndo waliokumbuka zaidi. Sasa mtihani wenu sio wa baada ya dakika tano. Soma kundi moja la dawa, funga desa, chukua karatasi nyeupe, andika jina, inafanyaje kazi, madhara yake, nani asipewe. Ukikwama usifungue haraka, jitese kidogo kwanza. Halafu angalia ulichokosa, urudie hichohicho tu. Ukimpata mwenzio wa kumfundisha ndo vizuri zaidi, na kama hakuna mtu iseme kwa sauti peke yako, wakucheke.

Na usirundike. Chuo cha uuguzi tulisomeshwa habari za Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, kitabu chake cha 1885, alijikaririsha silabi zisizo na maana yoyote halafu akajipima, ndani ya saa moja zaidi ya nusu zilishapotea, na siku ya pili kimebaki kama theluthi. Yeye alikuwa anakariri vitu visivyo na maana, vyako vina maana vinakaa zaidi, lakini mwendo ni uleule, unasahau kwa kasi mwanzoni, na kila ukirudia kwa kupishanisha siku kasi inapungua. Babu yako hakuwahi kumsikia mtu huyo lakini unajua mwenyewe madrasani kwake mlivyokuwa mnadurusu, ya jana kwanza, ya wiki iliyopita, ndo mnaongeza mpya. Fanya vilevile na dawa zako, leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Sapu ni mwezi wa tisa, muda upo, tena unatosha ukilala.

Simu iache mbali ukisoma. Jambo ambalo hukuliangalia halikuingia, huwezi kusema umelisahau.

Halafu nenda kapime wingi wa damu, hili nalisema kama nesi sio kama mama. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu, na upungufu wa madini chuma unachosha, mtu anashindwa kutulia na kitabu akadhani ana kichwa kibovu. Nyie mnakula chipsi kavu asubuhi mpaka jioni. Kula dagaa, maharage, mchicha, kamulia limao, na chai ya rangi usinywe pamoja na chakula manake inazuia chuma kisinyonywe, inywe baadae. Na bodaboda ya kutoka hosteli mpaka darasani ya nini? Tembea, damu ipande kichwani, na hela ibaki.

Baba yako hajui habari ya sapu, nimemwambia una mitihani migumu tu. Mwambie wewe ukiwa tayari, hatakula mtu. Juzi nilimsikia huko Ngamiani anamwambia muuza samaki binti yangu atakuwa mfamasia, akairudia mara mbili kana kwamba yule mzee hakusikia. Sikwambii hivo nikubane, nakwambia ujue huku hakuna mtu anayekuona mjinga.

Bati la jikoni linavuja tena, fundi kaja kaangalia kachukua advansi kapotea. Ada ya mdogo wako imelipwa, iliyobaki ni sare. Bibi ukipiga simu ongea nae hata kama hakujui vizuri, anafurahi sauti, siku hiyo anakula bila kubembelezwa.

Ukisoma hii nitumie zile saa nilizouliza, ya kuzima taa na ya kuamka, kila siku mpaka nikwambie basi. Ukinitumia saa tisa usiku nitapiga simu usiku huohuo.

Mzigo nimempa mtoto wa jirani anayesafiri Jumamosi, mpokee stendi usimwache akae. Kuna dagaa wa kukaanga, karanga, tende na shuka moja la ziada. Vile vikopo vyenye mfuniko wa bluu ni vya shangazi yako, virudishe ukija likizo, ameshaniuliza vya mara ile.